Shazia Thelathini za Rangwi

Neema na Sifuni, wadogo zangu, nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka kumi na minane, na wastaafu tunaowajua sisi wana upara na kadi ya kliniki ya presha. Lakini nilikaa kwenye kigoda cha karakana ya Babu miaka minane, tangu nikiwa darasa la nne, na mwezi uliopita nimekiacha kwa sababu naenda kidato cha tano Iringa. Sasa ninyi ndio mmekikalia. Babu atawafundisha kwa mdomo. Mimi mdomo wangu mnaujua: nikiulizwa kitu mbele za watu naangalia miguu yangu. Kwa hiyo nawaandikia, kwenye daftari la Bailojia ambalo limebaki na kurasa safi nyingi kuliko mwalimu alivyotarajia.

Habari za vyeo sitaandika. Kulikuwa na Babu na kulikuwa na mimi. Mara moja tu nilipandishwa, nitafika hapo, na laiti nisingepandishwa.

Nilianza likizo ya mwezi wa sita, ule wakati ukungu unaingia mpaka jikoni na nguo hazikauki. Mama alinituma nimpelekee Babu uji. Nikamkuta ameinama kwenye benchi lake, mavumbi meupe kwenye nyusi. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, halafu akanyoosha mkono. Sikuuwekea uji mkono ule, maana ulikuwa umeshika kipande cha mfupa na tupa.

"Shika. Upande huu uwe sawa."

"Sawa na nini, Babu?"

"Na wenyewe."

Nilipiga tupa siku tatu. Kila nikimpelekea aliulaza mfupa juu ya kioo cha dirisha kilichovunjika, akaangalia kama mwanga unapita chini yake. Ulipita. Siku ya nne haukupita. Akasema "Hongea", ile asante yetu ya nyumbani, akakichukua kipande changu akakorogea chai. Nilidhani nimetengeneza chombo. Kumbe nilikuwa nimetengeneza kijiti. Vidole vyangu vilikuwa na malengelenge manne na nilijivunia yote.

Harufu mtaizoea, wenzenu darasani hawataizoea. Mimi waliniita Supu mpaka darasa la saba. Ndimu inasaidia kidogo. Sabuni msipoteze.

Sasa kazi yenyewe. Mfupa unaotakiwa ni wa muundi wa ng'ombe, ule wa chini ya goti, mnyoofu, wenye ukuta mnene. Awe ng'ombe mzee. Mfupa wa ndama ni kama biskuti. Na usiwe umekatwa kwa shoka. Shoka huacha ufa mwembamba ambao hutauona mpaka siku unatoboa tundu, na hapo umeshapoteza wiki mbili. Mwambieni Mbwana, muuza nyama pale sokoni Rangwi, akate kwa msumeno. Atalalamika. Mimi sikuwahi kuweza kumjibu, Babu ndiye aliyemjibu.

"Karibu mama mifupa!" Mbwana alikuwa akinipigia kelele watu wote wageuke. "Wenzio wananunua nyama, wewe unanunua alichobakisha mbwa."

"Mbwa na mimi tunajua kilicho bora," Babu akasema. "Wewe endelea kuwauzia hao mapafu."

Watu wakacheka, Mbwana akacheka kuliko wote, mimi nikaangalia miguu yangu na mfuko unaodondosha damu.

Ukishafika nyumbani unakata vifundo vya pande zote mbili, unasukuma uloto wa ndani kwa kijiti utoke, unaweka mfupa kwenye sufuria ya maji baridi. Moto uwe mdogo. Maji yawe ya moto yanayotikisika, yasichemke. Mchana mmoja tu. Kisha unakwangua nyama iliyobaki, unalaza mifupa kwenye maji ya majivu siku saba, na maji unayabadilisha kila asubuhi. Majivu yanatoa mafuta polepole. Baada ya hapo unaanika kivulini, chini ya paa. Jua ukiliona limetoka usishawishike kuitoa nje. Mifupa ikikauka unaipasua kwa kabari, unachonga kwa tupa, unasaga kwenye jiwe lililolowa maji (lilowesheni kweli, vumbi la mfupa likiingia kifuani halitoki), unatoboa tundu kwa keekee ya kuzungushwa kwa uta, unalainisha kwa majani ya msasa, unamalizia na mafuta ya nyonyo.

Kabla ya kupasua kuna jambo moja. Unaonja. Unagusa mfupa mkavu kwa ncha ya ulimi. Ukiteleza, mfupa mzima. Ukinata kwenye ulimi kama udongo wa kichuguu, huo umekufa, umetolewa mafuta kupita kiasi, na hata ukichongwa na malaika utavunjika. Babu aliniachia mimi kazi ya kuonja nilipofika kidato cha kwanza. Alisema ulimi wake umeuawa na tumbaku anayoweka mdomoni, na macho nayo yanaukaribia ulimi. "Wewe una ulimi mpya na huutumii kuongea," alisema. "Basi uufanyie kazi."

Tulitengeneza vitana, misharasi ya kutobolea vikapu, vijiko vya chumvi, na zaidi ya vyote shazia, ile sindano bapa ndefu kama kiganja, ya kuunganishia ukili, ule msuko wa ukindu, uwe mkeka. Watu walituuliza kwa nini wasinunue ya chuma. Sababu ni ukungu wetu. Shazia ya chuma huku juu inashika kutu ndani ya wiki, inaacha madoa kwenye ukindu mweupe. Tena inakata nyuzi. Ya mfupa inapita katikati.

Kazi iliyotusumbua sana, ukiacha ile nitakayoisimulia, aliileta Baba Yusufu, mchuma chai wa kule upande wa Bumbuli, mtu wa Kigoma. Alitaka sindano ya kusukia nyavu.

"Nyavu?" Babu akamwuliza. "Huku milimani unavua nini, kabichi?"

"Nyavu za magoli, mzee wangu. Vijana wa shambani wakifunga, mpira unaenda mpaka bondeni. Nusu ya mechi ni kuutafuta."

Babu hakuwahi kuiona sindano ya namna hiyo. Baba Yusufu akaichora chini kwa kidole: ncha, halafu uwazi, na katikati ya uwazi kiulimi cha kushikia uzi. Kiulimi kile kilivunjika mara mbili. Mara ya tatu Babu alikichonga siku mbili nzima, nami nimemshikia taa ya sola karibu na uso mchana kweupe, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumwacha. Hakikuvunjika. Baba Yusufu aliishika akaigeuzageuza, akasema kwao Ziwani wazee wanatengeneza kama hiyo kwa mti, na akaikumbatia kifuani kama mtu aliyekumbuka mlango wa nyumba yao. Ndiyo siku niliyojua kwamba Babu ni fundi. Kabla ya hapo nilijua ni Babu tu.

Nimeandika haya ili muelewe ni mtu gani niliyemfanyia yanayofuata.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mama Hoza, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wasusi wa Rangwi, alikuja na wenzake wawili, wametota umande mpaka magotini. Kikundi kilikuwa kimepata kazi ya mikeka ya ukumbi wa harusi, mikeka mingi, na wanawake wapya walikuwa wamejiunga hawana shazia.

"Baba, tunataka thelathini," Mama Hoza akasema. "Kabla ya mvua za vuli."

"Mfupa hausikii haraka, mwanangu."

"Basi uambie kwa sauti. Na wewe mwenyewe husikii siku hizi, mtaelewana."

Babu akacheka mpaka akakohoa. Akakubali. Hakuwahi kumkatalia Mama Hoza, kwa sababu mama yake Mama Hoza ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza, na shazia aliyomtengenezea ilikuwa bado inatumika.

Tulikusanya mifupa. Tulipomaliza kukata vifundo, habari ikaja kwamba ndugu yake Babu amefariki Mazinde. Akateremka kwenda kuzika, akaniachia karakana siku kumi. Ni mara ya kwanza kuniachia. Aliposhuka njiani aligeuka akasema, "Moto mdogo, Naomi." Nikasema, "Ndiyo, Babu."

Wiki ile ile mitihani ya muhula ilianza. Nilikuwa naamka, nabadilisha maji ya majivu, nakwenda shule na mikono inanuka, narudi, nabadilisha tena maana nilikuwa nimekosea asubuhi. Siku ya pili nikaanza kuhesabu. Siku saba za majivu, halafu wiki za kukausha, na ukungu ulikuwa haujatoka. Mvua zingetukuta. Jikoni Mama alikuwa anapika maharage na ametia magadi ili yaive upesi. Niliangalia yale maharage yanavyolainika. Nikafikiri: kama magadi yanaivisha maharage kwa nusu ya muda, kwa nini yasitoe mafuta ya mfupa kwa nusu ya muda?

Sikumwuliza mtu. Huo ndio ubaya wa mtu mwenye haya, wadogo zangu: haulizi, na watu wanadhani ni adabu.

Jumamosi niliitoa mifupa kwenye majivu, nikaitia kwenye sufuria kubwa na bonge zima la magadi. Nikachochea moto mpaka maji yakaruka. Nilichemsha mchana wote nikisoma Jiografia pembeni. Povu lilipanda, la kijivu, mafuta yakaelea, nikaona nimevumbua kitu. Kesho yake nikarudia. Mifupa ikatoka mieupe! Sijawahi kuona mifupa mieupe vile. Nikaianika juani, kwa kuwa jua lilitoka siku ile nikaona ni Mungu ananisaidia. Baada ya siku tatu ilikuwa mikavu inalia ukiigonganisha, kama vikombe.

Sikuonja. Nataka niandike hivyo hivyo. Sikusahau, nilikumbuka kabisa. Niliuchukua mmoja nikausogeza mdomoni nikaurudisha. Nilijua kwamba nikionja nitajua.

Babu aliporudi alikuwa amechoka, amevaa lile koti la msibani. Alipapasa mifupa kwa vidole gumba.

"Imekauka upesi."

"Jua lilitoka, Babu."

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Yote?"

"Yote."

Akasema hongea. Akakaa akaanza kupasua siku ile ile, bila kupumzika, kwa kuwa nimemwokolea muda.

Alichonga shazia thelathini mwenyewe. Mimi nilisaga na kupiga msasa. Matundu alitoboa yeye, yote, anavuta uta wa keekee kichwa kimeinama kama anasikiliza. Mara mbili alisimama akasema mfupa huu unasaga kama chaki. Nikasema labda ni tupa mpya. Akasema labda. Tulizikabidhi kabla ya mvua. Zilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza, nyeupe, na wanawake walizishika wakazilinganisha na meno yao wakichekana nani ana meno ya njano.

Wiki ya tatu walirudi.

Mama Hoza alikuja na wale wenzake wawili, mmoja kidole kimefungwa kitambaa. Babu alikuwa amekaa nje. Mimi nilitoka na birika la chai na vikombe, nikamwona Mama Hoza anafungua pindo la kanga. Ndani yake kulikuwa na shazia zilizovunjika. Nyingine zimevunjika kwenye tundu, nyingine katikati. Nilisimama pale pale mlangoni.

"Baba," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Mama Hoza hana sauti ndogo. "Zimevunjika kumi na moja. Zinavunjikia ndani ya mkeka. Huyu mwenzetu moja imemchoma."

Babu akachukua vipande akavisogeza karibu na jicho, karibu sana. Akapapasa tundu kwa ukucha. Akaenda kipande cha pili, cha tatu. Ningeweza kuwaambia hata sasa jinsi vidole vyake vilivyokwenda.

"Nimetoboa karibu na ukingo," akasema. "Oneni. Hapa hamna nyama ya kutosha."

Halikuwa karibu na ukingo. Nilikuwa nimesimama hatua nne na niliona.

"Ni macho, Baba," Mama Hoza akasema. "Si kosa."

"Ni macho. Na mkono nao."

"Umetufanyia mengi. Mama yangu amekufa ameshika shazia yako. Pumzika sasa. Hakuna atakayesema neno."

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Niliipanga: Babu, niliichemsha kwa magadi. Maneno manne. Nilifungua mdomo, na yule mwenye kidole akanitazama akasema, "Chai inapoa, mwanangu," nikamimina chai. Nikammiminia Babu wa mwisho. Alisema hongea.

Walipoondoka aliosha keekee kwa mafuta, akafunga uta wake kwa kamba, akaziviringisha tupa zake zote kwenye gunia, moja moja, akaliweka juu darini. Alifanya polepole na vizuri, kama alivyofanya kila kitu. Kisha akatoka akakaa juani mikono imelala mapajani. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake haina kitu. Shajara yangu ya siku hiyo ina mstari mmoja: "Nitamwambia kesho."

Ndipo nilipopandishwa. Watu walianza kuja kwangu. "Mzee ameishiwa mikono," walisema, "afadhali mjukuu amejifunza." Niliwatengenezea wao vitana na misharasi, kwa tupa zangu za kujifunzia, kwa moto mdogo, kwa majivu siku saba, nikionja kila mfupa mpaka ulimi ukafa ganzi. Hakuna kilichovunjika. Kila kisichovunjika kilizidi kuthibitisha kwamba aliyeharibu zile thelathini ni yeye. Hata mkutanoni kanisani kwetu mwinjilisti alinitaja, kijana anayeenzi kazi ya mikono, watu wakageuka, na Babu akapiga makofi akiwa benchi la mbele. Nilitaka ardhi inimeze. Waliona ni haya zangu za kawaida.

Nilikaa nalo mwaka mmoja na nusu. Sina sababu nzuri ya kuwapa. Mwezi wa kwanza niliogopa kipigo, ingawa Babu hajawahi kunipiga. Mwezi wa tatu niliogopa kwamba atauliza kwa nini sikusema mwezi wa kwanza. Baadaye kila siku niliyochelewa ikawa sababu ya kuchelewa siku nyingine. Na yeye alionekana mtulivu. Alikaa juani, alipukuchua mahindi, alisalimia wapita njia. Nikajidanganya kwamba amepumzika kweli.

Nilimwambia wiki moja baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha nne. Tulikuwa tunamenya maharage mabichi, beseni katikati yetu. Nilimwambia nikiangalia beseni.

"Babu, zile shazia za Rangwi. Niliichemsha mifupa kwa magadi. Na sikuonja."

Aliendelea kumenya ganda alilokuwa nalo. Maharage yote matano yakaanguka kwenye beseni.

"Magadi kiasi gani?"

"Bonge zima."

"Moto?"

"Mkubwa. Siku mbili."

"Na jua?"

"Nilianika juani."

Akatikisa kichwa kama fundi anayesikia hesabu ya kazi ya fundi mwingine. "Basi haikuwa tundu," akasema.

"Haikuwa tundu, Babu. Tundu lilikuwa katikati. Niliona."

"Uliona."

Jogoo akaja akaiba maganda akaondoka. Kisha akasema, "Panda darini, lete gunia."

Nilifurahi, wadogo zangu. Nililia na kufurahi. Nilidhani sasa yamekwisha, ataanza tena. Nikamfungulia gunia, nikamfungia uta, nikampa kipande cha mfupa kizima nilichokuwa nimekitayarisha mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda, akaweka ncha ya keekee, akavuta.

Ncha ikateleza. Akairudisha akavuta, ikateleza tena, ikachora mstari mrefu juu ya mfupa. Mara ya tatu nilimshikia mfupa kwa mikono miwili, na niliusikia mkono wake unavyotetemeka kupitia ule mfupa. Vidole vyake havikukunjika. Vile viungo vyake mnavyoviona leo vimevimba, zamani vilikuwa vinapashwa moto na kazi kila asubuhi hata wakati wa baridi. Nilivipumzisha mimi.

Akaweka keekee chini.

"Mkono ni kama ng'ombe wa maziwa," akasema. "Usipokamuliwa unakauka, na ukikauka haurudi kwa kuuomba. Ungeniambia siku ile ile, Naomi. Siku ile nilikuwa bado naweza."

"Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe. Hilo ni jepesi." Alisema kwa upole, ndiyo sababu naliandika kama lilivyo. "Kesho nenda Rangwi ukawaambie wale kina mama."

"Babu, naona haya."

"Mimi nimeona haya mwaka mzima na nusu. Na haya zenyewe hazikuwa zangu."

Nilikwenda kwa miguu, saa nzima, nikikariri. Wanawake walikuwa kwenye baraza lao la sokoni wamekaa chini, mkeka mmoja umepita magotini mwa watu sita, wanashona kwa sindano za plastiki zinazopinda. Niliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo kumi na nne, nikatamani ziwe arobaini nisifike mwisho. Mama Hoza akasema, "Ee, fundi wetu! Umetuletea nini?"

Sikukaa. Nilisimama nikasema yote. Magadi, moto, jua, ulimi. Nikasema tundu lilikuwa katikati. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, mpaka Mbwana kule kwenye nyama zake akageuka.

Hakuna aliyenitukana. Mmoja alisema kwa Kishambaa neno ambalo sitaliandika. Mwanamke mzee aliyekuwa ukingoni mwa mkeka akasema, "Kumbe tulimzika mzee wa watu yuko hai." Yule wa kidole akakitazama kidole chake, kina kovu jeupe kama punje ya mchele.

Mama Hoza aliusukuma mkeka kutoka mapajani akasimama. "Mimi ndiye niliyemwambia apumzike," akasema. "Kwa kinywa changu hiki." Kisha akanishika bega, kwa nguvu, sikujua kama ananionea huruma au anataka kunitikisa. "Mwambie arudi kazini. Mwambie Mama Hoza amesema, kikundi kizima kimesema, tunataka zake. Leo hii mwambie."

"Mama," nikasema, "hawezi tena."

Akanitazama. Mkono wake ukalegea begani kwangu, ukaanguka. Akarudi akakaa chini akautafuta uzi wake, na akakaa nao hivyo bila kushona.

Nilifika nyumbani Babu yuko nje. Akaniuliza walisemaje.

"Wamesema urudi."

"Wote?"

"Wote. Mama Hoza alisema mwenyewe, mbele ya watu."

"Na wamejua si mkono wangu."

"Wamejua, Babu."

Akajishika magoti akajiinua, nusura aanguke, akakataa nisimshike. Akaniambia nimtafutie lile koti lake na nilitoe vumbi, kwa sababu siku ya gulio atakwenda Rangwi kuwasalimia. Nikamwambia ni mbali, njia ni tope, na gulio lililopita alikwenda.

"Nilikwenda, ndiyo," akasema. "Nilipita kule nyuma, kwenye mfereji, kule wanakotupa maganda. Tangu siku ile napita kule, baraza lao lisinione." Akaanza kufunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni, kimoja baada ya kingine, vidole vinakosa tundu na kurudi. "Gulio hili nitapita katikati."

Mwaka mzima na nusu nilikuwa nikienda naye sokoni. Kila mara aliniambia nitangulie, kwamba yeye anatembea polepole.